Maswali ya Wasomaji: Seli Inapokufa Bila Kuzikwa

Katika toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba mwili wa mtu mzima hupoteza mabilioni ya seli kila siku na kwamba namna seli inavyokufa inaweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki, kwa hiyo safari hii safu nzima nimeitenga kwa jambo hilo moja. Barua nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

Kabla ya kujibu, neno moja kuhusu lugha. Kiswahili hutumia "uvimbe" kwa mambo mawili yaliyo mbali sana: donge linalokua, kama la saratani, na ule uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu unaotokea mwili unapojibu jeraha au vijidudu. Hapa tunazungumzia huo wa pili peke yake, na kwa kuwa mara nyingi hutokea ndani ya mshipa au utumbo ambako hakuna anayeona kitu kilichovimba, nitauita inflamesheni.

SWALI: Kama mabilioni ya seli hufa ndani yetu kila siku, mbona hatuumwi kila siku?

JIBU: Kwa sababu sehemu kubwa ya seli hizo hufa kwa stara. Seli iliyozeeka, au iliyoharibika vinasaba, au ambayo kazi yake imekwisha, huamsha ndani yake kundi la vimeng'enya viitwavyo kaspesi, navyo huzikata protini zake kwa utaratibu maalumu: kiini hunywea, DNA hukatwa vipande, na seli nzima husinyaa na kugawanyika katika vifurushi vidogo ambavyo kila kimoja kimebaki kimefungwa ndani ya utando wake. Hakuna kinachomwagika. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliipa namna hii ya kufa jina la apoptosisi, neno la Kigiriki linaloeleza kupukutika kwa majani, na jina hilo limedumu kwa sababu linafaa: jani linalopukutika halikung'olewa na mtu, mti wenyewe ndio ulioliachia.

Kwamba kifo hicho kimepangwa tangu mwanzo lilionekana wazi kuliko popote pengine katika mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans. Anapokua, mnyoo huyo huzalisha seli za mwili 1,090, na 131 kati yake hufa, tena ni zilezile katika kila mnyoo, hata akabaki na 959. Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 kwa kazi iliyoanzia kwa mnyoo huyo. Kwetu sisi, vidole vyetu vimeachana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake zilikufa kwa njia hiyohiyo tulipokuwa tumboni.

Lakini kufa kwa stara ni nusu ya habari, kwa maana maiti lazima izikwe. Kuna molekuli ya mafuta iitwayo fosfatidilserini ambayo katika seli nzima hukaa upande wa ndani wa utando. Seli inapokufa kwa apoptosisi, molekuli hiyo hugeuzwa ikatokeza nje, na makrofaji, yaani zile seli walaji zinazozunguka katika tishu zetu, huipokea kama idhini ya kumeza. Makrofaji iliyomeza maiti ya namna hiyo haipigi kelele. Badala yake hutoa vijumbe vya kuituliza kinga, kama vile TGF-beta na intalukini-10. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu barua zote zinazofuata zinalirudia kwa sura tofauti: mazishi yakifanyika kwa wakati, kifo chenyewe kinakuwa ujumbe wa amani.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Vitabu tulivyosomea vinataja njia mbili za seli kufa, apoptosisi ambayo imepangwa na nekrosisi ambayo ni ajali. Sasa nakutana na piroptosisi, nekroptosisi na mengine. Je, ni majina mapya ya vitu vilevile?

JIBU: Marahaba. Hapana, si majina mapya ya vitu vilevile, ingawa nakubaliana nawe kwamba wanasayansi wa fani hii wanapenda mno kubuni majina, na si kila jina litadumu.

Nekrosisi ya ajali ipo, na vitabu vyako havikukosea. Seli iliyoungua, iliyopondwa au iliyokosa damu hushindwa kuushikilia utando wake, ikapasuka, na yaliyokuwa ndani yakamwagika: ATP, ambayo ni nishati ya seli; protini ya kwenye kiini iitwayo HMGB1; asidi ya yuriki; na DNA ya mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli. Vitu hivi si sumu. Vikiwa ndani ya seli ni mali ya kawaida ya nyumba, lakini vikionekana nje ni kilio, na majirani wote hukusanyika. DNA ya mitokondria hushtua zaidi kwa sababu mababu wa mitokondria walikuwa bakteria, na DNA hiyo bado ina sura ya kibakteria. Mwaka 1994 Polly Matzinger alitoa hoja kwamba kinga haiulizi tu "huyu ni mgeni au mwenyeji?" bali huuliza "je, kuna hatari?" Hoja hiyo ilibishaniwa sana, na bado haielezi kila kitu, lakini ndiyo iliyowafanya watafiti waanze kuitazama maiti ya seli kama chanzo cha ujumbe.

Kilichobadilika tangu vitabu vyako viandikwe ni kwamba tumegundua kuna vifo vya kishindo ambavyo navyo vimepangwa. Piroptosisi ilipewa jina hilo mwaka 2001 na Brad Cookson na Molly Brennan, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moto, baada ya kuonekana kwamba makrofaji iliyovamiwa na bakteria aina ya salmonela haifi kwa stara hata kidogo. Ndani ya seli hukusanyika protini kadhaa zikaunda chombo kinachoitwa inflamasomu, ambacho kilielezwa mwaka 2002 na maabara ya Jürg Tschopp huko Uswisi. Chombo hicho huamsha kaspesi-1, na kaspesi-1 hufanya kazi mbili kwa pamoja: huikata intalukini-1 beta, kijumbe cha kuwasha inflamesheni, ikawa tayari kwa kazi, na huikata pia protini nyingine iitwayo gasdamini D. Vipande vya gasdamini D hujikusanya kwenye utando na kuutoboa matundu. Kukatwa huko kwa gasdamini D kuligunduliwa mwaka 2015 na makundi mawili kwa wakati mmoja, moja la Feng Shao huko Beijing na jingine la Vishva Dixit huko California. Kupitia matundu hayo intalukini hutoka kwenda kuwasha homa, maji huingia, na seli huvimba.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba hatua ya mwisho, yaani kupasuka kwa seli iliyokwisha kuvimba, ilikuwa tu nguvu ya maji, kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba hata hapo kuna mtendaji: protini iitwayo NINJ1 ndiyo inayouchana utando, na seli isiyo na protini hiyo hufa ikiwa imevimba bila kupasuka kabisa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nililazimika kulisoma tena. Linamaanisha kwamba maumbile hayakuacha kishindo kitokee kwa bahati, bali yalikiwekea chombo chake.

Faida yake ni nini? Bakteria aliyejificha ndani ya makrofaji amepata nyumba. Nyumba ikilipuka, hana pa kujificha, na mlipuko wenyewe umewaita walinzi.

Nekroptosisi ni jibu la hali nyingine. Virusi kadhaa vina uwezo wa kuzizuia kaspesi ili seli iliyoambukizwa isife mapema na kuvikosesha mahali pa kuzaliana. Seli ikiona kaspesi-8 imezuiwa, protini mbili ziitwazo RIPK1 na RIPK3 hushikana na kuiamsha ya tatu, MLKL, ambayo huuvamia utando na kuuvunja. Ni mlango wa nyuma wa kifo. Ushahidi wake mzuri kabisa ulitoka kwa panya mwaka 2011: kijusi cha panya kisicho na kaspesi-8 hufia tumboni, lakini kikiondolewa RIPK3 pia, huzaliwa na kukua. Maana yake ni kwamba kaspesi-8, tuliyoifahamu kama muuaji, kutwa kucha imesimama mlangoni ikizuia kifo kibaya zaidi. Feroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2012, inahusu madini ya chuma na kuchacha kwa mafuta ya utando, na nafasi ya safu hii hainiruhusu kuiingia.

SWALI: Je, ni kweli kwamba usaha ni maiti za seli?

JIBU: Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ni nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zilizokufa, pamoja na vijidudu, maji na mabaki ya tishu. Nyutrofili ndizo askari wa mwanzo kufika na maisha yake ni mafupi sana. Baadhi hufa kwa namna ya ajabu iliyoelezwa mwaka 2004: hulifumua fundo zima la DNA yake na kulitupa nje kama wavu wenye sumu, bakteria wakanasa humo. Wavu huo hunasa vizuri, lakini usipoondolewa baadaye ni taka hatari, kama jibu la barua ya lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) hapa chini linavyoonyesha.

SWALI: Nina ugonjwa wa gauti kwa miaka sita. Nimeambiwa tatizo ni asidi ya yuriki. Makala yenu yaliutaja ugonjwa wangu miongoni mwa magonjwa yanayohusiana na kufa kwa seli. Uhusiano uko wapi?

JIBU: Uko mahali pawili. Kwanza, sehemu ya asidi ya yuriki iliyo katika damu yako haikutoka katika chakula bali katika seli zako mwenyewe, kwa kuwa seli inapovunjwa, DNA na RNA zake huachia dutu ziitwazo purini, na mwisho wa purini katika mwili wa binadamu ni asidi ya yuriki. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani ya damu anapoanza matibabu makali, na seli za saratani zikafa kwa wingi ndani ya siku chache, madaktari humkinga mapema kwa dawa kama alopurino, wakijua kwamba asidi hiyo itapanda ghafla na inaweza kuziba figo.

Pili, na hili ndilo linalokuamsha usiku kwa maumivu, asidi ikizidi hugeuka fuwele kama sindano ndani ya kiungo. Makrofaji huzimeza sindano hizo zikidhani ni taka za kawaida, lakini haziwezi kuzisaga. Mwaka 2006 kundi la Tschopp lilionyesha kwamba fuwele hizo huamsha inflamasomu ya aina ya NLRP3. Kengele ikishapigwa, intalukini-1 beta hutoka, nyutrofili humiminika, nyingine hufa humohumo na kumwaga yaliyomo, na hicho huwa kichocheo kipya juu ya kile cha zamani. Kidole gumba cha mguu kikawa hakigusiki hata na shuka.

Kolkisini, ambayo huenda umewahi kupewa, haipunguzi asidi hata kidogo. Hukwamisha nyuzi ndogo zilizo ndani ya seli, nyuzi ambazo nyutrofili huzihitaji ili kusafiri na kufanya kazi. Alopurino kwa upande wake hupunguza asidi lakini haizimi shambulio lililokwisha kuanza. Naandika haya kwa sababu wagonjwa wengi huacha dawa ya pili mara maumivu yanapokwisha, wakidhani zote mbili zilikuwa za kazi moja.

SWALI: Dada yangu ana lupasi. Daktari wake alisema ana kingamwili dhidi ya DNA yake mwenyewe. Inawezekanaje mwili kuichukia DNA, ambayo imefichwa ndani ya kila seli?

JIBU: Swali lako ndilo walilojiuliza watafiti kwa nusu karne, na jibu liko katika neno ulilolitumia mwenyewe, "imefichwa". Kinga haipaswi kuiona DNA ikiwa nje. Ikiiona, na ikaiona mara nyingi, basi kuna maiti ambazo hazikuzikwa kwa wakati.

Seli iliyokufa kwa apoptosisi ikikaa bila kumezwa, vile vifurushi vyake havidumu: utando hulegea, hupasuka, na kifo kilichoanza kwa stara kikaishia kwa kishindo. Katika lupasi kazi ya kuondoa maiti inasuasua. Mfano ulio wazi kabisa ni wa watu wachache waliozaliwa bila protini iitwayo C1q, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kujibandika kwenye mabaki ya seli na kuyarahisishia makrofaji kuyameza. Wengi wao hupata lupasi, tena tangu utotoni. Wengine, wachache zaidi, hukosa kimeng'enya cha kusaga DNA iliyozagaa nje ya seli, nao pia huupata ugonjwa huo wakiwa watoto. Sisemi kwamba dada yako ana upungufu wa aina hiyo, kwa maana walio wengi hawana. Kwao ni vinasaba vingi vidogovidogo, homoni na mazingira vikichangia kila kimoja sehemu yake, na si bure kwamba karibu wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake.

Ukitazama nyuma, dalili ilikuwa machoni petu muda mrefu. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani waliona katika uboho wa wagonjwa wa lupasi nyutrofili zilizomeza viini vya seli nyingine, na kwa miaka mingi seli hizo zilitumika kutambua ugonjwa. Tulikuwa tukitazama maiti iliyomezwa na mlaji asiyestahili, na tukaiita kipimo.

Mambo mawili katika maisha ya dada yako yanaeleweka vizuri zaidi kwa njia hii. Ameambiwa ajikinge na jua kwa sababu miale yake huua seli za ngozi, na kwa mtu ambaye mazishi yake yanachelewa, siku moja ya jua kali ni msiba mkubwa kuliko uwezo wa wazikaji. Na kama anatumia haidroksiklorokwini, mojawapo ya kazi za dawa hiyo ni kuvizuia vihisio vilivyo ndani ya seli za kinga visiitikie DNA na RNA zilizomezwa. Vihisio hivyo vikiitikia, hutoa interferoni, kijumbe ambacho huiandaa kinga kana kwamba mwili umeingiwa na virusi. Dawa iitwayo anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huzuia kipokezi cha interferoni hiyo.

SWALI: Natibiwa ugonjwa wa Crohn, inflamesheni sugu ya utumbo, kwa sindano ya kuzuia TNF. Nimesoma kwamba herufi hizo zinamaanisha kitu kinachoua uvimbe wa saratani. Je, kuna makosa? Na katika utumbo wangu, seli zinakufa kwa sababu ya inflamesheni, au inflamesheni imekuja kwa sababu seli zinakufa?

JIBU: Hakuna makosa katika jina, ila jina lilitolewa kabla ya tabia kujulikana. Mwaka 1975 Lloyd Old na wenzake huko New York waliona kitu katika damu ya panya ambacho kiliunguza donge la saratani, wakakipa jina kwa tendo hilo. Baadaye ikajulikana kwamba kazi yake kubwa ni kuendesha inflamesheni, na katika miaka ya 1990 Marc Feldmann na Ravinder Maini huko London walionyesha kwamba kuizuia TNF huwapa nafuu wagonjwa wa baridi yabisi ya kinga. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, infliximabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na ilikuwa kwa ajili ya Crohn.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya niichague barua yako. TNF ikiifikia seli, kwa kawaida haiui. Huiamuru itengeneze vijumbe vya inflamesheni, na papo hapo huiamuru itengeneze breki za kujikinga na kifo. Breki zikiwa nzima, seli huishi. Breki zikiwa na kasoro, ujumbe uleule hugeuka hukumu. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba kinga hukasirika kwanza na seli hufa baadaye, kama nyasi chini ya miguu ya wanaopigana. Halafu yakafuata majaribio ya panya, mwaka 2007 na tena 2011, ambamo hakuna kilichobadilishwa katika kinga yao hata kidogo: watafiti waliondoa, katika seli za ukuta wa utumbo peke yake, protini mojawapo ya zile zinazozuia kifo. Seli za ukuta zikaanza kufa, ukuta ukapata nyufa, bakteria wa kawaida wa utumbo wakapenya, na inflamesheni kali ikafuata. Kwa panya hao kifo ndicho kilichotangulia.

Kwa binadamu ushahidi ulitoka kwa familia chache. Mwaka 2018 walielezwa watoto waliozaliwa bila RIPK1, na ikaonekana kwamba kinga yao ni dhaifu huku utumbo na viungo vyao vikiwa na inflamesheni. Mwaka uliofuata wakaelezwa wengine wenye kasoro ya herufi moja tu, mahali hasa ambapo kaspesi-8 hupaswa kuikata RIPK1 ili kuinyamazisha. Hawa hupandwa na homa za vipindi na kuvimba tezi tangu wakiwa wachanga. Protini ileile ikikosekana ni ugonjwa, na isipozimika ni ugonjwa.

Kwako wewe, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa Crohn, naamini mambo hayo mawili yameshakuwa duara: inflamesheni huleta TNF, TNF huua baadhi ya seli za ukuta, ukuta unaovuja huleta inflamesheni. Sindano yako hulikata duara hilo mahali pamoja, na ndiyo sababu huwafaa wengi ingawa haigusi pale duara lilipoanzia.

SWALI: Kwa nini basi wasitengeneze dawa ya kuzuia seli zisife?

JIBU: Wamejaribu, na wanaendelea kujaribu. Ugumu wa kwanza ni kwamba ukifunga mlango mmoja wa kifo, seli hutoka kwa mwingine. Ukizuia kaspesi zote, kama tulivyoona, unaweza kuisukuma seli kwenye nekroptosisi, yaani umeondoa kifo cha stara ukaleta cha kishindo. Ugumu wa pili ni kwamba seli zisipokufa kabisa, hilo nalo ni ugonjwa: watu wenye kasoro katika kipokezi kiitwacho FAS hujaa limfosaiti, yaani seli za kinga, zilizopaswa kufa, tezi na wengu zikavimba, na kinga ikaanza kuziharibu seli zao za damu. Saratani yenyewe, kwa upande wake mmoja, ni seli zilizosahau kufa.

Dawa za kuzuia RIPK1 zimekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa soriasisi (ugonjwa wa ngozi), baridi yabisi na vidonda vya utumbo mpana, zikaonekana kuvumilika lakini bila nafuu ya kutosha. Sioni kwamba wazo limekufa. Naona kwamba ugonjwa uleule kwa watu tofauti huenda unaendeshwa na vifo tofauti, na kumpa kila mmoja kidonge kimoja ni kubahatisha.

Njia iliyofanikiwa zaidi hadi sasa ni kuacha kifo na kukizuia kilio chake. Mfano ni moyo. Ndani ya ukuta wa mshipa, makrofaji hushiba kolestro, hufa, na zisipozikwa huacha kitovu laini cha mabaki ambacho ndicho hufanya utando wa juu upasuke na damu igande. Jaribio lililoitwa CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017, liliwachukua watu 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo na ambao damu yao ilionyesha inflamesheni, wakapewa kanakinumabu, kingamwili inayonasa intalukini-1 beta, au sindano isiyo na dawa. Kwa dozi ya miligramu 150, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa jumla ya asilimia 15, na kolestro mbaya haikushuka kabisa. Lakini vifo kutokana na maambukizi viliongezeka, na hesabu ya vifo vyote haikubadilika kwa kiasi cha kutosha. Kilio kikizimwa, hakisikiki hata pale mwizi anapoingia kweli. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kolkisini, ileile ya gauti, kwa dozi ya miligramu 0.5 kwa siku kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Kuhusu wale watatu walioniuliza juu ya vidonge vya mitishamba na vitamini "vinavyofufua seli", jibu ni fupi: hakuna ninachoweza kukipendekeza, na seli iliyokufa haifufuki.

SWALI: Je, kuna kipimo cha damu cha kunionyesha kama seli zangu zinakufa vibaya?

JIBU: Huenda umeshapimwa bila kuambiwa hivyo. Troponini anayopimwa mtu mwenye maumivu ya kifua ni protini ya ndani ya seli za misuli ya moyo, na haina njia ya kujaa katika damu isipokuwa seli hizo zimeumia na kuvuja. ALT hutoka katika seli za ini kwa namna hiyohiyo, na LDH hutoka karibu katika kila seli inayopasuka, ndiyo maana haisemi ni kiungo gani. CRP, ambayo wasomaji wengi huitaja, haitoki katika maiti: hutengenezwa na ini lililo hai baada ya kusikia kelele za intalukini-6, kwa hiyo inapima kilio wala si kifo. Kipimo cha kawaida cha hospitali kinachotofautisha piroptosisi na nekroptosisi hakipo. Kwa hiyo mtu mwenye ALT iliyopanda anapaswa kuulizwa kwanza kuhusu pombe, dawa alizokunywa, uzito wake na virusi vya homa ya ini, kwa kuwa hayo yanajulikana na yanatibika au yanaepukika, hata kabla hatujajua seli za ini lake zilipita mlango upi.